Ruhusa ya Karani

Wodi ya koo, kitanda cha dirishani
Tarehe 4 Machi

Dada yangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako. Nimeandika hivyo, jirani yangu wa kitanda akachungulia, akacheka mpaka akakohoa. Basi nimefuta. Mimi si mzima, lakini nimeshiba uji na shuka ni safi. Hofu kweli ni kwako, maana wewe ndiye uliyebaki na mbwa.

Simu sitaweza. Daktari amenifunga bandeji shingoni na kunikataza kutoa sauti, hata ya kuguna, mpaka kidonda kipone. Anasema miezi mitatu. Kwa mtu aliyekaa kwenye lango la ghala la nafaka miaka kumi na mmoja, na miaka saba ya mwisho akizungumza na mbwa tu, miezi mitatu ya kunyamaza si adhabu kubwa. Ninayemhurumia ni Karani. Hajawahi kuishi na mtu mwingine.

Najua nyumba yako ni vyumba viwili na cherehani. Najua shemeji hapendi mbwa. Na Karani naye hajawahi kumwona mtoto mdogo kwa karibu. Kule ghalani aliona malori, wapagazi na panya. Mtoto kwake ni mtu mfupi mwenye kelele anayenuka maziwa. Kwa hiyo usimlazimishe. Mtandikie gunia lake karibu na mlango wa nyuma, na kona hiyo watoto wasiikanyage kabisa. Akienda pale, waambie Karani amefunga ofisi. Mtoto asimfuate, mbwa ndiye amfuate mtoto, akitaka. Ukimwona anageuza uso, anapiga miayo bila usingizi, analamba pua na chakula hakuna, ujue anasema amechoka nanyi. Mwondoe mtoto. Na akinguruma, tafadhali dada, usimpige. Mbwa anayenguruma ni muungwana anayebisha hodi. Ukimkataza kubisha hodi, siku moja ataingia tu.

Usiwaache peke yao, hata dakika ya kwenda kuepua sufuria.

Mwezi wa sita nitakuja kumchukua mwenyewe. Haya, dada, wasalimie wapwa zangu.

Mdogo wako,
Mlinzi


Nyumbani, kwenye cherehani
Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa machozi, mara ya pili kwa hasira. Hivi huyu mbwa ulimtoa wapi? Jina halikukosewa. Anakaa mlangoni, miguu ya mbele ameipanga sawasawa, ananitazama nikikata kitambaa kana kwamba nitaiba mita moja. Wateja wawili wameomba niwapimie dirishani.

Halafu ana dharau. Mimi nikimwekea chakula nikamwambia haya kula, anakula mpaka sahani inang'aa. Shemeji yako akimwekea, mbwa anakaa, anaikodolea sahani macho kama mtu anayesomewa hukumu, hagusi. Juzi alikaa hivyo tangu saa saba mchana mpaka niliporudi kutoka sokoni saa tisa, mate yanamdondoka. Nikamwambia, "Haya, kula basi, unatutia aibu." Ndipo akala. Shemeji yako amekasirika. "Nyumba yangu, chakula changu, mbwa ananichagua!" Unamjua, si mtu wa maneno, siku nne barabarani peke yake na lori zimemfanya mdomo uwe mzito. Anaweka sahani, anaondoka.

Sasa Tonge. Hilo ndilo jina la utani la mpwa wako mdogo, na ukimwona hutauliza kwa nini. Ana miezi kumi na mmoja na anatambaa kama anayekimbizwa. Alimwendea mbwa, akamshika lile sikio lililokatika. Karani akanguruma. Moyo ulinipasuka. Nilimnyakua mtoto nikainua rula ya mbao nimpige mbwa. Nikakumbuka hodi yako, nikaishusha.

Dada yake, huyu wa miaka minne tunayemwita Bi Swali, yeye hana woga. Anauliza kwa nini Karani hana viatu. Anauliza koo la mjomba limeshonwa na fundi gani, na kama ni mimi mbona sikusema. Na mimi nina swali langu: una uhakika ni miezi mitatu?

Nitajaribu, kwa ajili yako. Lakini shemeji yako amesema neno moja tu, nawe unajua akisema huwa amesema. Mbwa akimtoa mtoto damu, hata tone, hatalala humu.

Dada yako,
Fundi


Wodi ya koo
Tarehe 2 Aprili

Dada,

Habari ya Karani kumdharau shemeji ilinichekesha bila sauti mpaka muuguzi akadhani nimepaliwa. Mwambie shemeji asinune. Mbwa naye ana watu wake.

Ulifanya vema kushusha rula. Sasa anza somo hili. Kila siku baada ya chakula cha mchana, Bi Swali akae kwenye kigoda upande wa pili wa chumba, afanye shughuli yake, asimtazame mbwa usoni. Wewe kaa katikati. Mtoto akiingia tu, mpe Karani kipande cha kitu kitamu, kwa mkono wako, si wa mtoto. Mtoto akitoka, vitamu vimekwisha. Mbwa ajifunze kwamba mtoto akija, heri imekuja. Baada ya siku chache sogeza kigoda hatua moja. Akipiga miayo, kirudishe. Usiwe na haraka; ukitaka cha uvunguni sharti uiname, na kwa mbwa utainama mpaka mgongo ulie.

Tonge bado. Kati ya Tonge na mbwa pawe na ukuta.

Nataka akae kwako kama mtu wa nyumbani, si kama mgeni. Koo linaendelea vizuri. Haya, fundi wangu, kazi njema.

Mdogo wako,
Mlinzi


Nyumbani
Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Kaa vizuri kitandani. Jana kigoda kiligusa gunia.

Tumekisogeza hatua kwa hatua karibu wiki nne, mimi katikati na mfuko wa ngozi za kuku, nikisema haya, chukua, haya, chukua, mpaka nikajiona mwuza duka. Bi Swali anamsomea kitabu changu cha mishono. Hajui kusoma, kwa hiyo kila gauni lina hadithi yake, na Karani anasikiliza kichwa kimeegemea kwenye kiatu chake. Akichoka anainuka kwenda kwenye kona, na mtoto anatutangazia: "Amefunga ofisi!" Hata Tonge amemgusa mgongoni, mkono wangu juu ya mkono wake, na mbwa akatulia.

Shemeji yako aliona yote hayo akiwa mlangoni. Akasema, "Karani huyu." Basi. Lakini ni mara ya kwanza kumtaja kwa jina.

Mwezi wa sita ndio huo. Nakushonea shati lenye kola pana, lisikusugue kidonda.

Dada yako,
Fundi


Wodi ya koo
Tarehe 9 Juni

Dada,

Shati lisubiri kidogo. Wamenifungua tena, wakatoa kipande kingine, kidogo tu. Mwezi wa sita hautawezekana. Labda wa nane, labda wa tisa.

Barua yako ya kigoda naiweka chini ya mto. Siku muuguzi akibadilisha bandeji huwa naishika. Nimeikunja mpaka imekatika katikati.

Nivumilie, na umvumilie Karani. Haya.

Mlinzi


Mezani, chini ya kikombe
Tarehe 22 Juni

Mama watoto,

Nimerudi kutoka kwa daktari wa mifugo, nawe bado uko hospitali na mtoto, kwa hiyo nakuandikia kabla sijaondoka na mzigo. Imekwisha. Hakusumbua. Nimemzika nyuma ya uwanja wa malori, kwenye udongo laini.

Usimwambie shemeji, mdogo wako. Mtu aliyelala kule hana haja ya kujua. Mengine nitakueleza nikirudi.

Mimi


Nyumbani
Tarehe 24 Juni

Mdogo wangu,

Kumetokea ajali, si kubwa, lakini sitaki uisikie kwa mwingine. Juzi wakati wa somo Bi Swali alikuwa kwenye kigoda na kipande chake cha mkate. Karani alikuwa amekaa mbele yake, ametulia kama jiwe. Hakunguruma, hakupiga miayo, hakulamba pua, hata moja ya zile alama zako sikuiona. Nilikuwa namalizia pindo la mteja, nimewapa mgongo. Mtoto akauliza, "Mama, nile sasa?" Nikamjibu haya, haya, bila kugeuka. Nikasikia kilio.

Karani alikuwa ameurukia mkate na mkono pamoja. Mtoto amekwaruzwa karibu na kidole gumba, na alipoanguka alijigonga kidogo kwenye kanyagio la cherehani. Amepona, anauliza maswali kama kawaida.

Karani tumemfunga nyuma ya nyumba. Anakula, analala. Usiwe na wasiwasi.

Ila niambie wewe unayemjua. Kwa nini? Miezi mitatu nimeinama mpaka mgongo ukalia, kama ulivyosema. Alikuwa anamsikiliza mtoto akimsimulia hadithi. Mnyama anaweza kumpenda mtu siku zote hizo kisha akamgeuka bila hodi?

Dada yako,
Fundi


Wodi ya koo
Tarehe 3 Julai

Dada! Dada!

Ningekuwa na sauti ningepiga kelele wodi nzima iamke. Karani hakumgeuka mtu. Alitii.

Sikiliza. Wezi wa ghala hawaji na mapanga, wanakuja na nyama. Wanaitia sumu, wanairusha juu ya ukuta, wanangoja. Kabla ya Karani nilizika mbwa wawili kwa mikono yangu. Kwa hiyo yeye nilimfundisha jambo moja tu tangu akiwa mdogo: chakula hakiguswi, hata kiwe mbele ya pua, mpaka asikie neno. Na neno lenyewe ni haya. Mwenzangu wa zamu alinishauri nichague neno geni. Nikamwambia, mwizi anayetupa nyama hasemi haya, hasemi kitu. Nilijiona mjanja. Sikuwaza kwamba siku moja mbwa huyu ataishi kwenye nyumba ya watoto, ambako haya husemwa mara mia kwa siku. Haya amka, haya kaa, haya njoo unawe.

Na sikukuambia! Nimekujazia kurasa za miayo na kulamba pua, nikasahau neno ninalolisema kama ninavyopumua. Hata barua nazifungia nalo. Shemeji wa watu naye! Hakudharauliwa. Anaweka sahani kimya, mbwa anangoja ruhusa. Angengoja mpaka kiyama. Uliniandikia mwezi wa tatu, nami nikacheka, sikuona.

Basi hujakosea, mtoto hajakosea, mbwa hajakosea. Kosa ni langu, na dawa yake ni rahisi. Tafuteni neno jingine. Bi Swali alichague mwenyewe, lisilosemwa ovyo. Sema neno jipya kwanza, kisha la zamani, kisha mpe chakula, wiki mbili. Halafu la zamani liache life. Mfungue leo. Mwambie shemeji nampigia magoti.

Nimefurahi, dada. Sijafurahi hivi tangu niingie humu.

Mdogo wako,
Mlinzi


Nyumbani
Tarehe 17 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako imefika na tumefanya kama ulivyoagiza. Bi Swali amechagua neno "kifungo", kwa sababu amezungukwa na vifungo. Karani amelishika kwa siku tano tu. Ana akili za ajabu. Sasa anachukua chakula taratibu kama bibi harusi.

Watoto wanampenda sana. Tonge anajiegemeza kwake akijifunza kusimama. Habweki ovyo, hachafui, hana kinyongo. Shemeji yako anamwita mzee. Majirani wanasema hawajawahi kuona mbwa mpole na mwenye adabu kama huyu. Alikuwa baraka tangu siku ya kwanza, ni mimi niliyekuwa na mdomo.

Wewe pona tu. Shati lako limekwisha, nimebakiza tundu moja la kifungo.

Dada yako akupendaye,
Fundi


Wodi ya koo
Tarehe 21 Agosti

Dada,

Mwandiko huu ni wa muuguzi. Mimi naandika kidogo kidogo kwenye ubao, yeye ananakili. Ana subira.

Nimepata barua zako nne tangu ile ya kifungo. Nimezipanga kitandani pamoja na za mwanzo. Za mwanzo zimejaa lawama: ana dharau, anafukuza wateja, ananitazama kama mwizi. Hizi nyingine, Karani hana doa. Mpole, mwenye adabu, baraka. Dada, anayesifiwa hivi bila hata kosa moja ni mmoja tu. Marehemu hasemwi vibaya. Nami nimeona mbwa wangu hasemwi vibaya tangu mwezi wa saba.

Usilie. Mimi pia nilikudanganya, na nilianza kabla yako. Miezi mitatu hakuisema daktari, niliisema mimi. Alichosema yeye ni kwamba sauti haitarudi, na baadaye akasema mengine zaidi. Nilijua tangu Machi kwamba sitakuja kumchukua. Ndiyo maana nilikusumbua na vigoda na magunia. Nilitaka kiumbe kimoja kibaki duniani kinachojua sauti yangu ilivyokuwa, na kibaki mahali penye watoto. Sasa hakipo. Sikufichi, inauma kuliko koo.

Shemeji simlaumu. Mimi ningekuwa na mtoto ningefanya hivyohivyo.

Nina ombi moja tu, na safari hii unijibu kweli. Kama ni risasi, au sindano, sawa. Lakini kama kulikuwa na nyama iliyotiwa kitu, nataka kujua kama aliila. Miaka saba nilimfundisha jambo moja. Nataka kujua kama alilisahau.

Mdogo wako,
Mlinzi


Nyumbani
Tarehe 30 Agosti

Mdogo wangu,

Sina salamu ya kuanzia barua hii. Mimi ni mzima, na hilo ndilo linaloniumiza.

Kweli yote ni hii. Kidonda cha Bi Swali hakikuwa mkwaruzo. Kwenye mkono nyama ilifunguka, na juu ya jicho alishonwa nyuzi saba. Mimi fundi, nisiyeogopa sindano, nilishindwa kutazama. Nilipokuwa namshika mtoto ashonwe, shemeji yako aliniuliza kwa macho, nami nikaitikia kwa kichwa. Usiseme ni yeye. Niliitikia.

Barua yako ya furaha ilifika siku ya kumi na tisa baada ya hapo. Niliisoma nimesimama, nikakaa chini kwenye sakafu katikati ya mabaki ya vitambaa, na sikujua nimekaa muda gani. Mimi ndiye niliyesema haya. Nilimpa mtoto ruhusa, akaichukua mwingine, halafu nikamhukumu kwa kunitii. Neno hilo lina maana ya pili, mdogo wangu, na hiyo ndiyo niliyobaki nayo. Siwezi tena kulitamka mbele za watu.

Gunia lake bado liko kwenye kona. Sijaweza kulitoa. Bi Swali anapita kando, haikanyagi, na Tonge akitambaa kuelekea kule anamvuta mguu. Anamwambia Karani amefunga ofisi. Hajauliza atafungua lini. Ni swali pekee ambalo hajaniuliza.

Umeniuliza kuhusu nyama. Shemeji yako alinieleza juzi, kwa sababu nilimsomea barua yako na alitoka nje akarudi macho mekundu. Daktari wa mifugo alimrushia Karani kipande chenye dawa ya kumlegeza, ili sindano isimtese. Karani alikitazama. Hakukigusa. Walingoja mpaka daktari akasema labda mbwa huyu ana maradhi, hana hamu ya kula. Shemeji yako akamwonea huruma. Mtu huyu ambaye hakuwahi kusema naye hata siku moja alichuchumaa, akamshika lile sikio lililokatika, akambembeleza. Akamwambia, "Haya, mzee. Kula."

Hakusahau, mdogo wangu. Alikaa, akangoja, akala aliporuhusiwa.

Dada yako,
Fundi